Viluwiluwi wa Kisima cha Baba Mkwe

Tuelewane mapema. Mimi viluwiluwi siwapendi. Sikuwapenda nilipokuwa bibi harusi, siwapendi leo nikiwa na watoto watatu, na asije mtu kuniambia eti ni viumbe wa Mungu, hawana madhara, kazi yao kulamba ukoko wa kijani kwenye mawe. Kazi yao naijua. Msimu mzima wa mvua niliwatazama kuliko mwalimu yeyote wa sayansi, na kila nilipowatazama nilikuwa nimekasirika.

Nililelewa Chapwa, Tunduma, kwenye vumbi na malori. Maji kwetu yalikuwa shida. Tulinunua kwa madumu, tulipanga foleni, tulitukanana kwenye foleni, lakini yakifika nyumbani yalikuwa maji tu, hayana mikia. Kabla ya kuolewa nilikuwa muuzaji wa duka la pembejeo karibu na mpaka: mbegu, mbolea, dawa za kunyunyizia mimea. Wateja wengine walivuka kutoka Zambia, wanaingia na salamu yao ya "mulishani", na mimi nawasomea kibandiko: hii unachanganya kiasi hiki, hii usishike kwa mkono mtupu, hii yenye fuvu weka mbali na watoto. Kazi ile niliipenda, na niliijua vizuri.

Mume wangu kazi yake ni kupitisha mizigo palepale mpakani. Nilipopata mimba akasema mtoto wa kwanza kwao huzaliwa nyumbani kwa wazee. Nikacheka, nikidhani ananitania. Wapi! Akanipeleka Mbozi, upande wa Misheni, kwenye kahawa za baba yake, akashusha begi langu na godoro, akarudi Tunduma. Akawa anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Nikimlalamikia ananiambia, "Vumilia." Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Kisima cha nyumba ile kilikuwa cha baba mkwe. Alikichimba mwenyewe ujanani, palipokuwa na chemchemi chini ya mteremko, akakijengea mawe kwa duara, akaacha upenyo mdogo upande wa chini ili maji yanayozidi yateremke mtoni. Jirani walikuwa na bomba la kijiji, linalotoka siku linapojisikia. Yeye hakutaka hata kusikia habari za bomba. Ukikisifia kisima umemsifia yeye. Ukikitukana, basi tena, umetafuta ugomvi na umeupata.

Mvua zilipoanza vyura wakaingia. Kwanza yalionekana mayai yao pembeni, ute mzito wenye vidoadoa vyeusi, unavutika kama wa bamia. Baada ya siku chache ute ukapotea na kisima kikajaa viluwiluwi. Kichwa na mkia, basi, hakuna kingine. Wanabandika midomo kwenye mawe wanakwangua. Jua likipiga wanasogea wote upande wenye joto, wamebanana hadi jiwe halionekani. Ukitumbukiza ndoo wanatawanyika, lakini daima kuna mjinga mmoja anayekimbilia ndani ya ndoo badala ya kuikimbia. Huyo ndiye niliyemkuta kwenye sufuria ya uji wangu, amepauka, mkia umejikunja, nami nina ujauzito wa miezi minane na tumbo halitaki hata harufu ya kitunguu.

Nilipiga kelele hadi mama mkwe akaja mbio na kisu cha kumenyea viazi. Alipoona ninachokipigia kelele alicheka, akashika ukuta, akacheka tena.

"Mwanamke mzima unamlilia kiluwiluwi? Huyo anakuonyesha maji ni mazima. Ukiwaona hai, kunywa. Siku ukiwaona wamekufa, kaa mbali."

"Mama, mimi sili vyura."

"Nani kakwambia ule? Mtoe, kunywa uji."

Nikaumwaga uji wote mlangoni, mbele yake, makusudi. Ndivyo tulivyoanza.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, maana bila hilo hamtanielewa, na hata mkinielewa hamtanisamehe. Ukoo wa mume wangu asili yao ni Undali, ingawa walihamia Mbozi zamani. Kwao mkwe wa kike hamwoni baba mkwe. Simaanishi anaona haya, hapana. Hamwoni. Hamkutani njiani, hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, hamsemeshani. Yeye akija upande huu, wewe unaingia upande ule. Mwanaume anakohoa kabla ya kukata kona, na wewe ukisikia kikohozi unaingia kwenye migomba au kwenye kahawa, unajifunika kanga, unachuchumaa hadi apite. Ni Wakristo, tena wa kanisani kila Jumapili, mzee anakaa mbele kabisa upande wa wanaume, nami naingizwa kwa mlango wa nyuma ili nisimpite. Mchungaji alishasema mara nyingi kwamba mambo hayo hayana maana tena. Wanaitikia "Amina", wanarudi nyumbani wanaendelea nayo.

"Na ikitokea hatari je?" nilimuuliza mama mkwe siku ya kwanza aliponipa masharti. "Nyumba ikiungua nikae nimechuchumaa?"

"Hatari haina ukwe," akanijibu. "Ukiona nyoka miguuni kwake, piga kelele, mwite. Kwani wewe huna akili?"

Naomba mlishike hilo.

Ikapita karibu mwaka. Nilimjua baba mkwe kwa mabuti yake, kwa kikohozi chake na kwa mgongo wake. Uso sikuwahi kuuona ila kwenye picha ya harusi yake iliyotundikwa sebuleni, ambayo nayo ilikuwa imepauka. Tunduma nilikotoka baba mkwe unakaa naye kwenye kochi mnaangalia mpira. Hapa nilikuwa nakimbia na ndoo kichwani kwa sababu mtu amekohoa. Ilinitia hasira ya kila siku, ile isiyoisha kwa kulala.

Lakini msidhani tulikuwa hatuzungumzi. Tulikuwa tunazungumza kuliko watu wengi wanaotazamana. Mzee akiwa na neno kwangu alikaa nyuma ya jiko, akamwambia kuku wake wa kijivu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Wewe kuku, umeona? Kuna watu wanaanika nguo juu ya matawi ya kahawa. Kwao labda kahawa ni kamba." Na mimi, mtoto alipozaliwa, nikapata wa kumwambia. Nilimpakata jikoni nikamjibu babu yake: "Mwanangu, ukikua ujenge kamba ya nguo kwenu, maana kuna watu wana shamba ekari nzima na hawana kamba hata moja." Kuku akanyamaza. Mtoto akacheka. Nyuma ya ukuta nikasikia mabuti yanaondoka kwa hasira.

Mama mkwe alinikanya. Alisema kinywa changu ni kipana, kwamba mwenzangu, yule aliyeolewa na kaka wa mume wangu, alikaa miaka sita asitoe sauti. Nikamwambia ndiyo maana alihama.

Mtoto alipofikisha miezi sita nikaanza kumpa uji, na mvua zilikuwa zimerudi, na viluwiluwi walikuwa wamerudi. Mtoto akaharisha. Nikampeleka zahanati, muuguzi akaniambia nichemshe maji. Nikasema nachemsha. Akasema nichemshe zaidi. Akapona, akaharisha tena. Sasa jamani, mimi nilijua pa kutupa lawama. Labda ilikuwa meno. Labda ilikuwa kijiko alichookota chini. Mimi nilishaamua ni viluwiluwi, na mwenye viluwiluwi alikuwa na jina la baba mkwe.

Nikaanza kuwaondoa. Kila asubuhi nilishuka na chekecheke ya unga, nikawachota, nikawatupa juu ya nyasi. Kumbe kuwamaliza ni kazi ya bure, ukichota leo mia, kesho wapo. Wengine walikuwa tayari wameota miguu ya nyuma, mikia bado mirefu, wakawa wanajirusha kwenye nyasi hawajui kuruka wala kuogelea. Niliwaangalia wakikauka. Sikuwaonea huruma hata chembe, na nilitaka mtu fulani awaone.

Akawaona. Jioni ile kuku aliambiwa mengi.

"Kuku, tangu ujana wangu nakunywa maji ya kisima kile. Wanangu wote wamekunywa. Sasa amekuja mtu kutoka kwenye maji ya madumu, anaua vitoto vya kisima changu na chekecheke ya kupikia. Muulize, kwao wanakunywa nini? Dizeli?"

Nikamnyanyua mtoto, nikasogea hadi kwenye ukuta wenyewe.

"Mwanangu, kunya tu. Kunya hadi uishe. Babu yako anawapenda watoto wa vyura kuliko wewe."

Mama mkwe aliyekuwa anapepeta maharage aliacha ungo. Sikusikia mabuti. Alikuwa amesimama palepale upande wa pili, nilikaribia kusikia anavyohema. Kisha akaondoka polepole.

Wiki iliyofuata mtoto alilazwa. Sitaki kueleza sana. Macho yaliingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, wakamtundikia dripu kwenye kichwa kwa sababu mshipa wa mkono haukupatikana. Siku tatu sikulala. Mume wangu alikuja, akasimama mlangoni pa wodi, akaniambia nivumilie. Nilimtupia kandambili.

Tulipotoka hospitali mtoto alikuwa mwepesi mno, lakini anacheka. Tulifika nyumbani alasiri. Mama mkwe alimpokea akaimba. Kuku alikuwepo, mabuti hayakusikika popote. Nikasema moyoni, leo amekosa la kusema.

Asubuhi ya pili yake mama mkwe alinikuta nachukua ndoo.

"Leo usiende kisimani. Tumia maji ya mvua, pipa limejaa."

"Kwa nini?"

"Nimesema usiende."

Angenieleza ningebaki. Lakini niliambiwa usiende, na mimi mtu akiniambia hivyo miguu inaanza kuwasha. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, wahenga walisema, na wala sisi hatuna Idi. Nikamwacha mtoto amelala, nikasubiri mama mkwe aingie zizini, nikashuka bila ndoo, kwa njia ya ndani ya kahawa, nimejitanda kanga yangu ya njano.

Nilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kisimani nilipomwona. Hakuwa amekohoa kwa sababu hakutegemea mtu. Nikachuchumaa palepale chini ya mti wa kahawa, kwa mazoea, kama nilivyofanya mwaka mzima.

Alikuwa amepiga magoti juu ya mawe. Kofia ameivua. Ule upenyo wa kutolea maji alikuwa ameuziba kwa tope, inaonekana tangu jana, na maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni yametulia. Viluwiluwi walikuwa wanaelea juu, wote, matumbo meupe yametazama mbinguni. Alikuwa anawakusanya kwa kiganja na kuwatupa, kiganja baada ya kiganja, taratibu, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Na kando ya goti lake lilikuwapo kopo lake la dawa ya kahawa.

Kopo lile nililijua. Lilikuwa la mrututu, zile chembe za bluu anazochanganya na chokaa kupulizia kahawa. Dukani kwetu tuliuza. Naweza kukuambia kibandiko chake hadi leo bila kusoma. Shambani ni dawa. Tumboni ni sumu, inachoma utumbo, inakwenda kwenye ini na figo. Mkulima wa kahawa anauona mrututu ukiua ukungu, ukiua konokono, anakaa miaka anaushika kwa mikono na hapati kitu, na kwake hiyo ni dawa ya kusafishia. Kwenye mawe ya kisima, pale maji yalipokuwa yamegusa, kulikuwa na ukanda wa rangi ya bluu. Niliuona kutoka nilipokuwa.

Nilielewa yote kwa mara moja. Amewaua wale viluwiluwi. Ameweka dawa jioni, ameziba, amelaza. Na sasa alikuwa ametoa kikombe cha bati mfukoni mwa koti, anachota.

Akachota akakishika. Hakunywa. Aligeuza uso kutazama juu, upande wa kahawa, upande wangu, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipomwona usoni. Anafanana na mume wangu, pua ileile. Nikadhani anaomba kabla ya kunywa, maana wazee wa kanisa wanaweza kuomba hata kwa kikombe cha maji. Alikaa hivyo muda. Ulikuwa muda mrefu, mtu angeweza kusema "Baba, usinywe!" mara kumi.

Nataka niseme ukweli, kwa sababu nimedanganya kila mahali pengine. Sikuwa nimeganda kwa hofu. Sikuwa nimesahau kibandiko. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa: anywe. Anywe aone. Anywe aone maji yake yanavyouma. Nikakumbuka dripu kwenye kichwa cha mwanangu. Nikakumbuka dizeli. Na nilipokuwa nalifikiria hilo neno nikajiambia, tena kwa unafiki mtamu kabisa, kwamba mkwe hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Mwaka mzima niliitukana ile mila, siku hiyo nikajifunika nayo gubigubi.

Akanywa. Akakunja uso, bila shaka kwa ladha, ule mrututu ni mchungu wa chuma. Akachota tena nusu, akanywa.

Haikuchukua muda. Alisimama, akashika tumbo, akakaa. Akatapika maji ya kijani. Akatapika tena, mikono chini, sauti yake ikatoka kama ya ng'ombe. Hapo ndipo miguu yangu ilipopata akili. Nilipanda mteremko mbio kwa njia ya ndani, nikamkuta mama mkwe anatoka zizini, nikamwambia, "Mama, nilikuwa nachuma mboga kule juu, nasikia mtu anatapika kisimani." Uongo ulitoka laini, sikuutafuta. Mama mkwe akatupa ndoo ya maziwa. Majirani wakaitwa, ikaitwa pikipiki, akawekwa katikati, mtu mbele mtu nyuma, wakaondoka naye. Nililiokota lile kopo pale kisimani, nikampa jirani mmoja. "Mwonyeshe daktari hili," nikamwambia. "Mwambie amekunywa hiki." Kwa kopo lile wakasema nimeokoa maisha yake.

Ndiyo. Walisema hivyo. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba, wakaimba uani, mmoja akasimama kushuhudia jinsi Bwana alivyomleta mkwe msomi katika nyumba ile, aliyesikia, aliyekimbia, aliyejua dawa. Mama mkwe akanifunga kitenge kipya kiunoni mbele ya watu wote, akalia begani kwangu. "Lau si wewe," akasema. "Mimi na mdomo wangu nilikuona mtu mbaya." Nilisimama katikati ya nyimbo na kitenge changu, nikatamani ardhi ipasuke.

Mume wangu alinipongeza pia. Usiku nilitaka kumwambia, nikaona jinsi alivyonitazama, nikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wangu ulikuwa haujapata pa kupasukia.

Kisima walikitoa maji yote kwa ndoo mara kadhaa, wakasugua mawe, wakafungua upenyo. Kwa wiki nyingi hakuna aliyekunywa. Hakuna kiluwiluwi aliyeonekana pale hadi mvua zilipoisha. Tukachota bombani kama watu wengine, siku linapojisikia.

Baba mkwe alirudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Amekonda, macho ya njano, sauti imeisha. Mabuti hayakuvaliwa tena, alikuwa anakaa chumbani kwake anatazama dirishani. Kuku akapita uani na hakuna aliyemwambia neno. Mimi nikawa najificha hata nisipolazimika. Mtoto kila akitaka kutambaa kuelekea mlango wa babu yake namwita, namrudisha.

Kisha ikaja siku mama mkwe alikwenda msibani, nami nikabaki peke yangu na mtoto. Saa tano hivi nikasikia mzee anagonga kitanda kwa fimbo. Nikajua anataka maji. Desturi inaruhusu uweke kitu mlangoni ugeuke uondoke, atakichukua mwenyewe. Nikajaza kikombe, nikaenda, nikakiweka kizingitini, nikageuza mgongo.

"Mama mtoto."

Hakuwa anamwambia kuku. Nilisimama palepale, mgongo kwake, kanga usoni.

"Haya maji yakoje?"

"Yamechemshwa, baba. Ni ya bomba."

"Ninywe?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Alikohoa kidogo. Akaanza kusema, na kwa jinsi alivyokuwa amechoka kila neno lilichukua pumzi yake.

"Siku ile kisimani nilikuona. Ile kanga yako ya njano, mtu anaiona kutoka ng'ambo ya mto. Nilikuwa sina uhakika na dawa ile. Nikasema, nikinywa mimi kwanza, kama ni mbaya mtoto atapona. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakuona. Nikasema, aa, mama mtoto yupo. Yeye ameuza dawa hizi, anazijua. Nikakusubiri. Nikasema kama ni mbaya ataita, maana hatari haina ukwe. Hukuita. Nikajua ni salama, nikanywa."

Mtoto alikuwa ameshatambaa hadi miguuni kwangu, anavuta kanga. Nikageuka. Nilimtazama baba mkwe usoni, naye akanitazama, hakuna aliyejifunika. Nililia kwa sauti kama niliyempigia yule kiluwiluwi wa kwanza kwenye sufuria. Nilipiga magoti kizingitini. Nilisema nilikuwa na hasira, nilisema mtoto, nilisema dripu, nilisema nisamehe. Sikumbuki yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikachukua kikombe kwa mikono miwili, nikavuka kizingiti, nikamsogezea hadi kitandani.

"Kunywa, baba."

Alikiangalia kile kikombe. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni.

"Kiweke hapo chini," akasema. "Nitamngoja mama yenu arudi."